Shajara ya mradi: albamu mbili za roki, alasiri moja, Buruburu

Mwisho wa Januari

Mradi ni huu: kuzindua albamu mbili za roki kwa shoo moja, Jumamosi ya katikati ya Machi, katika ukumbi mdogo wa mtaani hapa Buruburu. Albamu moja ni yetu. Nyingine ni ya wenzetu wa Ongata Rongai, bendi ya watu watatu ambayo ukiisikia ukiwa nje ya mlango utadhani wako sita. Kila bendi itapiga albamu yake yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio ule ule wa rekodi. Hakuna bendi ya kufungua na bendi kuu. Mlango unafunguliwa saa tisa alasiri na spika zinazimwa saa mbili usiku.

Mimi ndiye mratibu na pia napiga gitaa la pili. Shajara hii naiandika kwa ajili ya bendi zinazojitegemea zinazotaka kufanya kitu kama hiki mtaani kwao na hazijui pa kuanzia.

Suala la saa ndilo lililotuchukulia muda mrefu zaidi. Wengi wetu tumezoea kwamba roki Nairobi ni mambo ya baa na usiku wa manane. Unaambiwa shoo ni saa mbili, bendi ya kwanza inapanda saa nne, na bendi inayozindua albamu inapata jukwaa saa saba, nusu ya watu wakiwa wameshaondoka kutafuta matatu. Kazi ya miaka miwili inaishia mbele ya watu waliochoka. Na kuna kundi zima ambalo halijawahi kutuona: wanafunzi wa sekondari, watu wenye watoto wadogo, watu wasiokunywa pombe, kina dada ambao hawataki kusimama stejini kusubiri matatu saa nane za usiku. Hawa wote wanasikiliza roki. Enzi za X FM, 105.5, stesheni ya roki ya hapa Nairobi, ndio waliokuwa wakipiga simu redioni. Stesheni ile ilipofungwa hawakuhama kwenda kwenye muziki mwingine. Walikosa tu pa kukutana na roki.

Halafu kuna sheria. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika makazi kiwango cha usiku kinashuka hadi desibeli 35. Hakuna bendi yenye ngoma inayoweza kuishi ndani ya kiwango hicho. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katikati ya makazi, na tangu hapo wenye kumbi za mitaani wakisikia neno "bendi" wanauliza kwanza kuhusu majirani. Wana haki. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini hana deni na gitaa langu.

Kwa hiyo alasiri. Naamini hivi ndivyo roki itakavyobaki hai katika mji huu: mapema, karibu na nyumbani, na mlango wazi kwa kila umri.

Mapema Februari

Ukumbi tumepata. Ni wa mama mmoja anayekodisha kwa harusi, mikutano ya chama na ibada za Jumapili. Wakisimama, wanaingia watu kama mia moja na hamsini. Kuta ni za mawe, sakafu ni saruji iliyong'arishwa, paa ni mabati yasiyo na dari. Kwa macho ni pazuri. Kwa masikio, lo. Piga kofi moja katikati ya ukumbi na kofi linakurudia mara tatu.

Mama alituuliza, "Roki si ndiyo ile ya kupiga makelele?" Tukamwomba aje mazoezini. Akaja na binti yake, wakakaa kwenye kreti za soda, wakasikiliza nyimbo mbili. Mwishoni akasema, "Basi Jumamosi nawapa. Lakini mkaongee na mzee wa geti la pili, yeye ndiye huwa anapiga simu."

Tukaenda kwa mzee siku hiyo hiyo.

"Mtapiga mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili tutakuwa tumezima, mzee."

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ndiye wa kuulizwa."

"Haya, niandikie namba yako hapa. Ikipita saa mbili na dakika moja nakupigia wewe, sipigii polisi."

Ni makubaliano ya haki kuliko leseni yoyote niliyowahi kusoma. Tumeyaandika kwenye ratiba kwa wino mwekundu.

Sasa mwangwi. Tumeenda Gikomba kwenye mapazia ya mitumba na kununua yale mazito kabisa, ya velveti na ya turubai nene, bila kujali rangi. Pazia likitundikwa likiwa limebana ukutani halisaidii sana. Likiachwa na mikunjo, hatua ndogo kutoka ukutani, linanyonya sauti kali za matoazi na herufi za s na sh kwenye maiki. Besi halinyonyi. Mawimbi ya besi ni marefu mno kwa kitambaa. Ili kuyapunguza unahitaji unene ambao hatuna pesa nao. Tutakachofanya ni kupunguza besi kwenye miksa na kuweka amplifaya ya besi juu ya meza ndogo, isitikise sakafu ya jukwaa.

Mabati hayana dawa. Machi ni mwezi wa masika na kila mtu anajua mvua ikipiga mabati inakuwaje. Tumekubaliana tu kwamba ikinyesha, imenyesha.

Katikati ya Februari

Mazoezi ya albamu nzima yameanza, na yametufundisha kitu ambacho studio haikutuonyesha.

Albamu yetu ina nyimbo tisa, dakika thelathini na nne. Tulipopanga mfululizo wake tulifikiria hisia: wapi msikilizaji apumzike, wapi apigwe tena. Hatukufikiria mikono. Wimbo wa nne na wa saba uzi mnene umeshushwa kutoka E hadi D, nyingine zote ziko kwenye mpangilio wa kawaida. Studioni unasimamisha, unatuni, unaendelea. Jukwaani, kati ya wimbo wa tatu na wa nne kuna sekunde chache ambazo kwenye rekodi besi peke yake inaburuza, na sisi tunataka mburuzo ule usikatike. Kushusha uzi ukiwa umesimama mbele ya watu kunachukua muda, na uzi uliolegezwa ghafla unaendelea kutembea kwa dakika nzima baadaye. Suluhisho ni gitaa la ziada lililotuniwa tayari, likae kwenye stendi. Wenzetu wa Rongai watatuazima lao.

Nimekuwa nikiwaza kwa nini kupiga albamu nzima kunanigusa hivi. Mji huu ulijengwa kwa santuri ndogo. Miaka ya 1970 River Road ilikuwa imejaa maduka na lebo, na bidhaa yenyewe ilikuwa santuri ya wimbo mmoja: upande wa kwanza hadithi, ugeuze, upande wa pili gitaa linakimbia na watu wanacheza. Benga ilipata umbo lake humo. Albamu ndefu, iliyofikiriwa kama kitu kimoja, ilikuwa ghali kwa bendi nyingi. Hata hivyo roki ilipita hapa: Musi-O-Tunya, bendi ya Zambia, walifanya kazi na kurekodi Nairobi miaka hiyo hiyo, wakati vijana wa Zambia walipokuwa wakichanganya gitaa la kukwaruza na ngoma za kwao. Kwa hiyo tukisimama Buruburu na magitaa yenye kelele hatuigi kitu kilichoshuka jana kwa intaneti. Na tangu wakati huo kazi haijakoma. Duma, watu wawili tu wa hapa Nairobi, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, na dunia ya muziki mkali ikageuza shingo. Crystal Axis wameimba historia ya uchungu ya bara hili kwa panki, hapa hapa mjini.

Ninachotaka ni kwamba mtu wa Buruburu asilazimike kusoma habari za bendi za mji wake kwenye magazeti ya Uingereza ndipo azijue.

Mwisho wa Februari

Wiki ya makaratasi. Naipitia haraka.

Tumeandika karatasi ya mgawo kwa kila wimbo: nani alitunga maneno, nani sauti, asilimia ngapi. Imetiwa sahihi na wote kabla pesa yoyote haijaingia, kwa sababu pesa ikishaingia kumbukumbu za watu hubadilika. Tumesajili kazi kwenye bodi ya hakimiliki, KECOBO. Kila wimbo umepata ISRC yake, ile namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili inayoufuata wimbo popote unapochezwa. Masta, yaani rekodi ya mwisho, imewekwa kwenye sauti isiyobanwa sana. Spotify hushusha kila kitu hadi karibu LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, kwa hiyo kuibana rekodi ili ipige kelele kuliko jirani ni kuua ngoma bure.

Kuhusu mtandaoni tumeamua hivi: nyimbo zitakuwa Boomplay na Spotify ili watu watupate, lakini pesa tunaitafuta Bandcamp na mlangoni. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara elfu moja kwa mwaka. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na inayobaki, ukitoa ada ya malipo, ni yako. Mtu mmoja anayenunua albamu kwa shilingi mia tano ana thamani kubwa kwetu kuliko mamia wanaopita tu.

Wiki ya kwanza ya Machi

Vijitabu! Hiki ndicho kipande cha mradi ninachokipenda kuliko vyote.

Tumeamua kwamba kila mwenye tiketi apate kijitabu cha kurasa kumi na sita chenye maneno ya nyimbo zote za albamu zote mbili, na nyuma msimbo wa kupakua. Malalamiko ya kudumu dhidi ya roki ni kwamba maneno hayasikiki. Basi wayasome. Nyimbo zetu ni za Kiswahili karibu zote, na za wenzetu wa Rongai zinaingia Kiswahili na kutoka, na mtunzi wao ni mshairi kwelikweli.

Tulichapisha kwa mzee mmoja River Road, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye mashine mbili na harufu ya wino inayokaa kwenye shati hadi jioni. Kazi yake kubwa ni kadi za harusi na vitabu vya risiti. Alichukua karatasi ya majaribio, akaikunja mara mbili, akaikata kingo kwa kisu kirefu cha kuvuta kwa mkono, kisha akavaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti. Alisoma wimbo wetu wa tano, ule wa mama anayesubiri mtoto stejini mvua ikinyesha. Akasoma polepole, kama mtu anayesoma barua, akiweka pumzi pale ambapo sisi hatukuiweka. Mpiga ngoma wetu alikuwa kando yangu na nikamwona anahesabu kwa kidole kwenye paja. Mzee alipomaliza akasema mstari wa tatu una neno moja la ziada, "linagonga". Alikuwa sahihi. Tumelitoa hata kwenye kuimba, ingawa kwenye rekodi limebaki.

Fulana tumechapa kwa mkono juu ya zile nyeusi za mitumba, kwa hiyo hakuna mbili zilizofanana.

Wiki ya shoo

Umeme. Soketi yetu ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 240 inakupa kama wati 3,100, na bendi mbili ndogo zenye amplifaya za wati 30 hazikaribii hapo. Shida siyo wingi, ni nani mwingine yuko kwenye laini hiyo. Ukumbini friji ya soda imechomekwa kwenye laini moja na jukwaa. Kila kompresa ikiwaka, spika zinatoa mlio wa "tak". Fundi wa sauti aliitambua kabla hata hatujaweka maiki. Friji imehamishiwa laini ya jikoni, na jukwaa lote, pamoja na miksa, linakula kutoka chanzo kimoja ili kusiwe na ule mvumo wa chini unaotokea vifaa vikiwa na ethi (waya wa kwenda ardhini) tofauti. Tumekataza kabisa adapta zilizokatwa mguu wa ethi. Mtu anayeimba mdomo ukiwa kwenye maiki ya chuma huku ameshika nyuzi za chuma hastahili kuhatarishwa kwa sababu ya mvumo.

Vifaa tunashirikiana: seti moja ya ngoma, amplifaya moja ya besi, mbili za gitaa. Kila mpiga ngoma anakuja na sneya yake, matoazi yake na pedali yake. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mkono na mguu wa mtu huvizoea. Hii inapunguza muda wa kubadilishana hadi dakika kumi na tano, na inafanya mzigo wote utoshe kwenye Probox moja. Kebo zilizopungua tumenunua Luthuli Avenue, na fundi akazikata na kuzilehemu upya kabla ya kuziamini.

Jambo jingine: masikio. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, kinasema desibeli 85 ni salama kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 una dakika kumi na tano. Roki ndani ya ukumbi wa mawe inafika 100 bila kujaribu. Kwa kuwa watoto watakuwepo, mlangoni kutakuwa na kikapu cha vizibo vya sponji, bure, na fundi ameahidi kushikilia wastani kwenye 95. Wapiga gitaa, nami nikiwemo, tutageuza amplifaya zielekee kwetu badala ya kuelekea kwa watu.

Jumamosi

Tulirusha shilingi. Sisi kwanza, Rongai baadaye.

Saa tisa na nusu walikuwa wamefika kama arobaini na nikaanza kuwaza. Kufikia saa kumi na robo ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye mlango wa jikoni. Matatu za 58 zilishusha kundi baada ya kundi. Wavulana wa sekondari na fulana za bendi ambazo ni za kaka zao. Baba mmoja amembeba binti mdogo mwenye vidude vikubwa vya kuziba masikio. Mwenye ukumbi amevaa kitenge chake kizuri, amekaa mbele. Mzee wa geti la pili alikuja pia, akasimama nyuma kwa nyimbo tatu, akaangalia saa yake, akaondoka bila neno.

Albamu yetu ilikwenda kama tulivyoifanyia mazoezi. Mburuzo wa besi haukukatika. Gitaa la kuazima lilikaa sawa. Wimbo wa tano watu walikuwa na vijitabu wazi, na nilipotazama chini niliona midomo inasogea kwa maneno ambayo hakuna aliyekuwa ameyasikia kabla ya siku hiyo. Nimepiga kumbi kubwa zaidi. Sijawahi kuona hilo.

Mvua ilianguka Rongai wakiwa wimbo wao wa sita, ule wa kimya, wenye gitaa moja na sauti ya dada yao. Mabati yakaanza. Kwa sekunde kumi hivi aliimba na hakuna aliyesikia kitu. Fundi alipandisha sauti, maiki ikaanza kulia, akaishusha. Dada akafanya uamuzi ambao siwezi kuusifu vya kutosha: akaacha kuimba, akaendelea na gitaa akizungusha mstari ule ule, akainua kijitabu na kuonyesha ukurasa. Watu mia na zaidi wakasoma ubeti wa pili kwa sauti, pamoja, dhidi ya mvua. Halafu wa tatu. Mpiga ngoma wake akaingia kwa vijiti vya brashi, besi ikafuata, na wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika tisa hivi. Tuna rekodi ya miksa. Mvua iko ndani yake kila mahali, na wenzetu wanataka kuitoa kama ilivyo.

Saa mbili kasoro dakika sita, kimya. Namba yangu haikupigiwa.

Jumatatu baada ya shoo

Hesabu, kwa uwazi, kwa sababu bendi nyingi hazionyeshani. Tiketi za mapema 70 kwa shilingi 500, mlangoni 45 kwa 700: jumla 66,500, karibu zote kupitia M-Pesa. Watoto waliingia bure. Ukumbi 15,000. Mitambo na fundi 18,000. Vijitabu 6,000. Probox 3,500. Kijana wa mlangoni na wa usafi 3,000. Imebaki 21,000, nusu kwa nusu. Fulana na mauzo ya albamu kila bendi imechukua yake. Si utajiri. Lakini hakuna aliyetoa pesa mfukoni, fundi alilipwa siku hiyo hiyo kabla ya sisi, na kila mpigaji alirudi nyumbani na kitu.

Ambayo hayajakamilika: picha bado hazijachaguliwa. Misimbo kadhaa ya kupakua ilichapishwa hafifu na watu wanne wametuandikia. Tumewatumia nyimbo moja kwa moja, na yeyote mwenye shida hiyo atuandikie. Gitaa la kuazima linarudi Rongai keshokutwa likiwa na nyuzi mpya.

Mwenye ukumbi amepiga simu asubuhi. Ameomba mapazia yabaki, kwa sababu Jumapili mhubiri alisikika vizuri kuliko kawaida, na kwa kubadilishana anatupa Jumamosi moja Juni kwa nusu bei, masharti yale yale ya saa mbili. Tunatafuta bendi mbili zenye albamu tayari, ambazo si sisi wala si Rongai. Zinazoimba kwa lugha yoyote ya hapa, na zilizo tayari kushiriki seti moja ya ngoma.